Mgeni Aliyekuja na Jiko Lake

Harufu ya vitunguu vikikaangwa ndani ya gari ndiyo iliyonifundisha kumshuku mtu. Kabla ya hapo nilizijua harufu za bonde letu, upande wa Kagerankanda: udongo mweusi uliolowa umande, nyasi zilizochomwa mlimani wakati wa kiangazi, mawese yakipata moto jikoni kwa Mama. Magari niliyoyajua yalinuka dizeli na vumbi, basi. Lakini gari hili lilikuwa na kijumba mgongoni, chenye pazia la maua, vitanda vinne na jiko la gesi. Liliteremka bondeni siku moja mchana na kusimama hatua chache kutoka shamba letu la maharage. Wakashuka Mzungu mrefu, mkewe, msichana wa rika langu aitwaye Ana, na kaka yake mdogo. Walitusalimia kwa Kiswahili laini cha pwani, kizuri kuliko chetu sisi tuliokuwa tukiongea Kiha nyumbani na Kiswahili shuleni. Hilo peke yake lilimtosha Baba. Alisema Mzungu anayejua Kiswahili namna ile hajajifunza bure.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, kambi ya Nyarugusu ikiwa bado mpya, na mimi nikiwa darasa la tano. Wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa watoto, wakalelewa na Waha, wakaoana hapohapo. Hawakuwa na karatasi yoyote. Walichokuwa nacho ni ukarimu wa mzee Bukuru, jirani yetu, aliyewapa kipande cha bonde cha kulima kiangazi, wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Maharage ya kipande kile ndiyo yaliyotulisha mpaka mvua, na ndiyo yaliyokuwa mbegu ya msimu uliofuata. Mama aliyamwagilia kwa kibuyu, shina kwa shina. Siku zile maneno yalizagaa sokoni kwamba watu wenye asili ya Burundi wanaoishi vijijini watakusanywa na kupelekwa kambini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kila gari geni lilitufanya tuhesabu watoto.

Sasa fikiria tulichokiona. Mzungu yule alitembea kutoka mtoni hadi kwenye mteremko akihesabu hatua. Alichoma ardhi kwa chuma kirefu kuona kama ni ngumu. Alimuuliza mzee Bukuru maji ya mto hupanda mpaka wapi masika, na kivuli kinakaa wapi saa za mchana. Alichota maji kwenye chupa, akayaangalia juani. Kisha alikaa kwenye kiti cha kukunja akaandika daftarini. Sehemu nyingine za bonde alizipita, lakini kwenye shamba letu alisimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwita mkewe aje aone. Mama alikuwa ameinama na kibuyu chake. Jioni alituambia, bila kupandisha sauti: "Mtu anayepima maji kabla ya kunywa hana kiu. Ana watu wa kuleta."

Msomaji atauliza kwa nini hatukumuuliza tu anataka nini. Ndipo ilipo aibu yetu. Kwetu mgeni haulizwi shida iliyomleta kabla hajala chakula chako. Kumuuliza akiwa na njaa ni kama kumfukuza. Hivyo siku ya kwanza Mama alipeleka ugali wa muhogo na dagaa. Mke wa Mzungu alishukuru sana, akasema wasingependa kutusumbua, wana chakula chao. Siku ya pili mzee Bukuru alipeleka ndizi zilizoiva. Wakashukuru tena, wakakataa tena, na vitunguu vikaanza kunukia. Nadhani walidhani wanatuonea huruma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu utampaje jembe wakati hata tonge hajapokea? Siku ya tatu bonde zima lilikuwa na jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Wengine walisema anachagua mahali pa hema za wakimbizi. Wengine walisema anaandika majina ya wasio na karatasi, ingawa hakumuuliza mtu jina. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na bonde lile lilikuwa limejaa watu walioumwa.

Asubuhi ya nne nilimkuta Mama anang'oa maharage. Yalikuwa bado mabichi, maganda membamba, punje hazijakomaa kutosha hata kuwa mbegu. Nilimuuliza kwa nini. Alisema akikutwa bondeni ataandikwa, na asipokutwa hakuna wa kumwandika. Baba aliona, naye akainama akaanza kung'oa mstari wa pili. Nilikasirika na kulia kwa pamoja. Nilijua kazi ya kile kibuyu.

Mchana Mama alichemsha maharage yale na maganda yake, na Ana akaja peke yake hadi mlangoni petu, akivutwa na moshi. Hakusema asante-hapana kama mama yake. Alikaa chini kando yangu, akachovya mkono sufuriani, akala mpaka akalamba vidole. Nikamtazama Mama, Mama akanitazama, akainamisha kichwa kidogo. Amekula. Basi nikamuuliza baba yake anatafuta nini.

Ana alisema baba yake amemaliza kazi pwani, na kabla ya kurudi kwao anaandika kijitabu cha familia zinazosafiri na magari ya kulala kama lao: wapi pana kivuli, wapi gari halitazama kwenye tope, wapi watoto wataoga mtoni bila hatari. Familia hizo zitalala siku mbili tatu.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu wanakwenda zao."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, lakini hakuamini. Aliniambia kwa Kiha kwamba mtu mwenye kitanda ndani ya gari hawezi kuhangaika kutafuta pa kulala. Wageni wakaondoka kesho yake. Hakuna familia iliyokuja baada yao, wala hema.

Waliokuja, miezi michache baadaye, walikuja na malori. Hawakupima maji, hawakuchoma ardhi, hawakuhesabu hatua. Waliuliza tu nani ana karatasi. Tulipanda na kupelekwa kambini Kibondo, na wenzetu ndani ya lori walikuwa na vifurushi vya maharage ya bondeni mapajani mwao. Sisi tulikuwa na sufuria tupu. Nimewasamehe waliotupakia. Njia nzima Mama alijilaumu kwa maharage, si kwa lori, na hilo bado linaniuma kuliko yote.

Kambini hatukuruhusiwa kutoka bila kibali. Leo tuna uraia, na Mama amerudi bondeni, ni bibi wa wajukuu tisa. Mwaka jana alikuja kijana mchangamfu mwenye simu kubwa, akitafuta mahali pa kujenga kituo cha watalii wanaosafiri na familia na magari yao. Aliitisha kikao, akaeleza kila kitu kabla ya kuulizwa, na watu waligombea kumwonyesha viwanja vyao, kila mmoja akisifu kivuli chake. Nilifurahi kuona watu wa bonde letu wakiongea na mgeni bila kuhesabu watoto. Mama alisubiri wote wamalize, akanyoosha mkono, akasimama, akauliza swali moja: hao watalii wakitaka kuondoka, kuna atakayewazuia?

Kijana alicheka, akidhani bibi ana utani. Mama hakucheka. Aliendelea kusimama, akingoja jibu.