Saba Juu ya Hamsini

Kwenye maonyesho ya picha za chapa za Kimarekani nilikutana na mama wa kanisani kwetu, mtaa wa Parkdale huku ughaibuni, akiwa na binti yake. Kwao Bukavu alikuwa mwalimu. Hapa anafungasha kuku kiwandani, ila dada yake kule bado anaambiwa kwamba mama huyu anafundisha. Picha za zamani zilikuwa za vibarua wanaume. Ya mwisho, wanawake wa rangi zote wenye sare za kiwandani wakingoja basi.

Chini yake paliandikwa kwa penseli: 7/50.

"Saba juu ya makumi tano? Mwalimu gani mukali hivi?" mama akauliza.

"Si pointi, Mama," binti yake akacheka. "Zilichapwa nakala hamsini, hii ya saba."

"Kumbe nyumba makumi tano zimetundika hawa bamama?"

Mama akavua koti, sare yake ya kiwandani ikaonekana. "Nipige foto kando yao. Umtumie dada, umwambie na kazi yangu."

Wahakiki husema chapa huonyesha jamii inavyobadilika. Hii ilimsaidia mtu kumwambia dada yake ukweli uliomshinda kwa miaka.