Mkono wa kushoto wa kiwandani uliniharibia gauni la harusi ya dada yangu

Niaje wakuu. Hii sikusimuliwa na mtu, ni yangu mwenyewe, na mpaka sasa nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Mimi ni fundi cherehani. Nilisomea polytechnic kule Kitui, na kabla sijamaliza nilikuwa nashona nguo nzima, kuanzia kukata mpaka kifungo cha mwisho. Mama alijivunia sana, kanisa lote lilijua.

Nikaja Nairobi, nikapanga chumba Kawangware, kule stage ya 46, nikapata kazi kwenye kiwanda cha nguo.

Huko kila mtu ana kipande chake. Mimi niliwekwa kwenye mkono wa kushoto. Shati linafika limeshakatwa, naunganisha mkono, nampitishia jirani. Ukiinua kichwa tu, supervisor anakuuliza target ya siku umefika wapi. Miaka imepita hivyo, na bado mimi ni kibarua.

Sasa dada yangu Mwende akapata mchumba. Mama akatuma satin nyeupe, ile ya kung'aa upande mmoja. Akasema mengine yote yanunuliwe, lakini gauni atashona Mutua, yaani mimi.

Cherehani sina, kwa hivyo Jumapili nikampeleka Mwende Sarang'ombe kwa Mama Atieno, fundi rafiki yangu, akaniachia meza na cherehani yake. Nikapima, nikakata. Mkono wa kwanza ukaingia vizuri mpaka nikaanza kujisifu.

Wa pili ukakataa. Nikaugeuza, ukakubali, lakini upande wa kung'aa ukawa ndani.

Wakuu, nilikuwa nimekata mikono miwili ya kushoto. Na kitambaa kimeisha.



"Kwani huko job hukatangi?" Mama Atieno akaniuliza polepole.

"Sikatangi."

Mwende akaniangalia. "Lakini Mutua, si ni wewe ulinishonea uniform ya primary?"

Ni kweli, nilimshonea.

Mama Atieno ndiye aliyeliokoa gauni. Akatoa mikono yote, akamalizia mabega, likawa gauni la kisasa. Siku ya harusi Mama alizunguka akiwaambia wageni, "Hiyo ni kazi ya Mutua wangu." Niliona aibu.

Siku hizi nikitoka kanisani naenda kwa Mama Atieno kujifunza kukata upya.

Nilichojifunza: ukipewa kazi, mshahara uliza, lakini uliza pia itakuachia nini mkononi. Ujuzi usiotumika hushika kutu, na hautakuambia.

Nyinyi mliosomea kitu kizima mkaajiriwa kipande, mko wapi? Semeni hapa, nisijione niko peke yangu.

Na kama ulikuwa kwenye hiyo harusi, tafadhali, usimwambie Mama.