Chumba cha Jua la Alasiri

Chumba tulichompa mama kiko upande wa magharibi wa nyumba yetu ya mjini Chake, na mimi ndiye niliyekichagua. Nilikichagua kwa sababu kina mlango wa kutokea uani, karibu na choo, asipate tabu usiku. Jua sikulifikiria. Ikifika alasiri bati la upande ule huanza kualika, ukuta wa matofali hunywa joto na kukaa nalo mpaka baada ya Isha, na anayeingia mle hutoka kalowa jasho. Sina pa kujitetea, maana kabla yake nilikuwa nikiweka mle vitambaa vyangu vya kushonea, na kila nikienda kuchukua kimoja natoka mbio.

Mama alikuwa akikaa shamba, Piki, peke yake tangu baba alipofariki, kwenye nyumba yao ya udongo na makuti. Siku moja jirani alimkuta kaanguka jikoni, fahamu hana, moto unawaka na chungu kimeungua. Daktari akasema ni presha, kisha akaniita pembeni akaniambia kwamba mtu huyu asikae tena peke yake. Nikamchukua kutoka hospitali moja kwa moja hadi kwangu.

Alikuja na begi moja na sharti moja. Alisema atakaa ili moyo wangu utulie, lakini akishindwa na joto la nyumba ya bati atarudi kwake. Kule paa lilikuwa limeshachakaa, na yeye alikuwa ameshona makuti mapya ya kuliezeka, mwaka mzima akiyashona kidogo kidogo kila baada ya kunywa chai ya asubuhi. Yalikuwa yamepangwa jikoni kwake mpaka yanagusa boriti. "Makuti yangu yananingoja," alisema, na sentensi hiyo nikaisikia mpaka nikachoka nayo.

Makuti yale yakawa adui yangu. Nilijua kwamba siku mama atakayorudi Piki, simu itakayofuata itakuwa ya kuniambia kaanguka tena, na safari hiyo jirani hatatokea. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja tu, kukipoza chumba kile kwa pesa za fundi cherehani na karani wa serikali, yaani mimi na mume wangu.

Tulianza na feni, kwa sababu ilikuwepo. Ilikuwa kaskazi, hata upepo wenyewe ulikuwa wa moto, na feni ikawa kazi yake kuuzungusha moto huo huo. Mama alisema inampiga masikioni na kumtia maumivu ya viungo. Akaigeuzia ukutani. Kila nikichungulia naikuta inaupepea ukuta kwa bidii, na yeye kakaa barazani anajipepea kwa kipepeo cha ukili.

Nikasema nitaweka dari. Fundi seremala alipotaja bei nikamuuliza kama ananijengea msikiti. Basi nikakata kitambaa cha marekani, nikakishona vipande vipande kwa cherehani yangu, tukakitandaza chini ya bati na kukigongea misumari ubavuni. Kilipendeza sana. Baada ya wiki mijusi walikuwa wamekifanya chao, na mama alikuwa akilala huku anawasikia wakikimbizana juu ya kichwa chake. Joto halikupungua hata kidogo. Baadaye tulilipaka bati chokaa, ikafanya kazi vizuri mpaka masika, mvua ikaiosha yote na kuimwaga kwenye mapipa yangu ya maji.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, akisema jambo hulisema mara moja. Alisema kwao shamba, mwenye bati akilemewa na joto huweka makuti juu ya bati. Nilimwangalia. Tulidunduliza miaka mingapi kulipata bati lile? Watu wa mtaa walikuja kutupongeza, na leo nipande nilifunike makuti, waje wapite waulize kama tumefilisika? Nikamwambia kwamba makuti nisikie yakitajwa Piki tu, si kwangu. Akaenda zake kusali.

Kipupwe kikatuokoa. Miezi ile hewa ilikuwa nzuri, mama alilala vizuri, presha ikashuka, akaanza hata kunikosoa namna ninavyopika mchuzi. Nilifurahi, lakini nilijua joto linarudi, na pamoja na joto utaingia msimu wa karafuu. Mama ana mikarafuu yake michache, aliyoachiwa na baba yake, na tangu nipate akili sijauona msimu uliomkuta nje ya Piki. Nikaona nikichelewa nitamkosa. Nikachukua akiba yangu ya kushona sare za shule, nikanunua kiyoyozi.

Kilikuwa mtumba, kimeletwa kutoka Dubai, kina mkwaruzo ubavuni na rimoti isiyokuwa na kifuniko. Muuzaji aliapa kwamba kilitoka kwenye nyumba ya watu wasiokuwepo, hakikutumika sana. Fundi wa majokofu akaja kukifunga, kisanduku kimoja ndani ukutani, kingine nje uani chini ya dirisha. Akaniambia nizibe matundu yote ya juu ya ukuta, na dirisha na milango vifungwe, ama sivyo nitakuwa napoza Pemba nzima. Nikaziba. Tulipokiwasha, nilikaa kitandani kwa mama nikafumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye nyumba yangu mwenyewe kuhisi baridi wakati wa alasiri, na nilikaribia kulia kwa raha.

Mama alivaa soksi za mume wangu, akajifunika blanketi mbili, akaniita.

"Mwanangu, awekwaye kwenye baridi ni maiti," alisema. "Mie nshakufa?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Tukafanya mapatano. Yeye ataking'ang'ania chumba, na mimi nitapunguza baridi. Na karafuu hatazifuata. Mtoto wa marehemu dada yake, aliye Piki, atasimamia uchumaji na kuzileta mbichi huku Chake, mama azianike mwenyewe uani kwetu. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nikaenda kujisifu kwa mume wangu.

Karafuu zikaja kwenye magunia, tukazichambua usiku mimi na mama, vidole vikinuka. Asubuhi tukazianika kwenye majamvi. Zikapata jua la siku moja tu, kisha vuli ikafungua milango yake. Ikawa kuanua na kuanika, kuanua na kuanika. Karafuu isiyokauka kwa wakati huvunda, ikawa nyeupe nyepesi, ile tunayoiita mpeta, na mpeta ukiupeleka kituo cha kuuzia karafuu, karani wa mizani hukutazama kana kwamba umemletea takataka. Mama hakupata kuuza mpeta maishani mwake. Alikuwa anaamka usiku kuzigeuza karafuu ukumbini kwangu, na mimi nikaanza kuihofia presha upya.

Halafu, ghafla, akatulia. Akaacha kulalamika. Nikawa nikirudi sokoni naona dirisha lake limefungwa kama fundi alivyoagiza, kiyoyozi kinanguruma, nikajua kakubali hatimaye. Umeme wetu ni wa kununua kabla, na ulikuwa ukiisha kabla hata sijasahau kwamba nimenunua, lakini nikamezea. Nilimwambia mume wangu kwamba umeme wa mama kulala si hasara.

Siku hiyo nilirudi mapema na nikapitia uani. Mama hakuwa chumbani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, mkononi ana kibao cha kugeuzia, na mbele yake, chini ya dirisha lake, jamvi la karafuu limenyoshwa sawasawa mbele ya kile kisanduku cha nje, kinachotupa hewa ya moto. Nilipousogeza mguu niliisikia, kavu, ya moto. Karafuu zilikuwa zimeshaanza kuwa na ile rangi ya kahawia inayotakiwa. Ndani chumba kilikuwa baridi kama friji na hakuna mtu.

Alinieleza bila hata kujificha. Alikuwa akipita na ndoo, upepo ukampiga miguuni, akafikiri. Alikuwa akiweka rimoti kwenye baridi kali zaidi, kwa sababu aligundua kwamba ndani kukizidi baridi, nje huzidi moto. Nilitaka kukasirika lakini nikashindwa. Nilikaa chini nikazigeuza naye. Karafuu zilikuwa nzuri kweli.

Kama angeishia hapo, kiyoyozi kingekuwepo hadi leo. Lakini kesho yake nilikuwa kwa mteja, mvua ikaja ya ubavu, na mama akaona zitaloa. Akachukua turubai, akalifunga dirishani, akalishusha mpaka chini na kulibana kwa mawe pande zote, karafuu na kisanduku vikawa ndani ya hema moja. Alisema moto ulikusanyika vizuri sana. Nilipofika kulikuwa na harufu ya waya ulioungua, na mngurumo umekatika.

Fundi alifungua, akanusa, akafunga. Aliongea na mama kwa adabu, kama mtu anayetoa pole.

"Bi mkubwa, hii nayo inataka kupumua."

Mimi nilisema mengi, na kwa sauti ambayo mtaa ulisikia. Nilisema kuhusu sare za shule nilizozishona mpaka mgongo ukaniuma, kuhusu dari ambayo ningeiweka, kuhusu umeme. Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku anakung'uta turubai. Karafuu zilikuwa zimekauka. Tulizipeleka kituoni, hazikutolewa dosari, na njiani kurudi nilitangulia mbele, yeye akaja nyuma. Chumba kikarudia moto wake ule ule. Kaskazi ilikuwa inaanza.

Baada ya siku chache akasema anataka kwenda Piki kutazama nyumba. Aliondoka na lile begi lake. Sikumzuia. Nilisimama mlangoni na uso mkavu, nikaingia ndani nikalia mpaka mume wangu akaniuliza kwa nini simfuati. Nikamwambia simfuati kwa sababu nikimleta leo namlaza wapi, kwenye tanuri? Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilikuwa nimejaribu yote niliyoyaweza, na kwake makuti yalikuwa yanamngoja, na alikuwa na haki ya kuyafuata. Kila simu ilipolia nilijua ni ya kuniambia kaanguka.

Nilikuwa barazani napindisha suruali ya shule niliposikia honi. Gari dogo la mizigo lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, limejazwa makuti mpaka yananing'inia nyuma, yamefungwa kwa kamba. Mama alikuwa mbele kwa dereva. Nyuma, juu ya makuti, walikaa mtoto wa dada yake na vijana wawili na mafungu ya fito. Alishuka polepole, akanipa begi nilishike, akawaonesha vijana upande wa magharibi wa paa langu.

Majirani walitoka. Hakuna aliyeuliza kama tumefilisika, au kama aliuliza sikumsikia. Nilikuwa nayatazama makuti yenyewe. Niliyajua. Ile mishono ya karibu karibu ni ya mkono wake, mishono ileile ambayo zamani, nilipokuwa msichana, alinifundisha kwenye nguo, akinifumua kila nilipoiachanisha. Nikamwambia kwamba makuti yanauzwa hata Chake hapa, tungenunua mengine.

"Ninunue makuti, na mie nnayo?" alisema.

"Na nyumba ya Piki, mama? Utaiezeka kwa nini?"

Alikuwa anamwangalia kijana mmoja aliyekuwa anapanda ngazi, akamwambia aanze chini aje juu, mvua isije ikaingia kinyume. Kisha akanijibu bila kugeuka.

"Ile nshaikaa, mwanangu."

Niliweka begi chini nikaanza kuwapokeza makuti. Sikutaka mtu anione uso. Tuliyapokezana mpaka adhuhuri, na walipomaliza bati lote la upande ule lilikuwa limefunikwa, nyumba yangu ikaonekana nusu mji nusu shamba. Alasiri niliingia chumbani kwake, nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa wa vuguvugu tu. Nilizibua yale matundu yote ya juu niliyokuwa nimeyaziba, na upepo ukapita.

Kiyoyozi bado kiko ukutani, tunatundikia kanga. Masika yaliyofuata nilikwenda Piki kwa maziko ya jirani, yule aliyemkuta mama jikoni, na nikapita nyumbani. Paa lilikuwa limebonyea, upande wa jikoni umeshaanguka, na mvua ilikuwa ikiingia kwenye chumba nilichozaliwa. Nilisimama pale nikaangalia maji yanavyotuama sakafuni, palipokuwa na kitanda chao.

Nilirudi alasiri, saa zile ambazo zamani hakuna mtu aliyeweza kukaa chumbani mle. Nilimkuta mama amelala, dirisha wazi. Alifumbua jicho moja akaniuliza kama nimepita nyumbani, nikasema nimepita. Akaniuliza kama imeshaanguka.

"Upande wa jikoni," nilisema.

"Upande ule ulikuwa mbovu toka zamani," alisema, akajigeuza akaendelea kulala.