Nyuki Asiyeliona Ua

Saa kumi na mbili asubuhi, wenzake hawajafika, mama mmoja anatambaa kwa magoti chini ya mivanila. Anaokota maua yaliyoanguka na kuyasukumia mfukoni mwa aproni. Ukimwona utadhani amepoteza sindano.

Hajapoteza sindano. Anaficha ushahidi.

Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na shambani hapa hakuna mdudu wa kulichavusha. Likichavushwa, hunyauka huku limeng'ang'ania mmea wake. Lisipochavushwa, kesho lipo chini. Kila ua analookota ni kosa lake la jana.

Amechavusha kwa mkono kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana shamba zima linamwita Nyuki. Kwa kijiti anapasua mdomo wa ua, anainua kiwambo chembamba kinachotenganisha stameni, yenye chavua, na stigma inayoipokea, kisha kidole gumba kinagandamiza chavua. Basi.

Na petali? "Hizo za mapambo tu," anasema. "Kama mume wangu wa kwanza."

Kinachoonekana kama kikonyo ndiyo ovari, itakayorefuka kuwa tunda. Ole wako uliite harage. "Harage? Hili ni tunda, mwanangu! Tunda kavu, likikomaa linapasuka lenyewe. Embe liringe na nyama yake, hili linaringa na harufu."

Zamani alimaliza maua elfu moja na mia mbili kabla ya saa sita mchana. Sasa anafikisha mia saba, na ya jana zaidi ya mia mbili yameanguka.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilimpangia upasuaji, tarehe ikaangukia katikati ya msimu wa maua. Msimu ni wiki sita, na malipo ni kwa ua. Hakwenda. Akarudishwa mkiani mwa foleni: mwaka ujao.

"Shoga, hayo macho au vifungo?" jirani wa mstari wa pili anamtania akipita; wenzao wameshafika, wanacheka.

"Vifungo! Tena vya mtumba!" Nyuki anacheka kuliko wote.

Jirani akishapita, anamvuta mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtazama akifanya kazi. "Nitazamie. Chavua imefika?"

Haijafika. Anajaribu ua jingine. Nalo kiwambo kimechanika.

"Maua nayaokota," anasema polepole. "Baada ya wiki mbili msimamizi anapita kuhesabu matunda. Hayo nitayaokota wapi?"

Mpango anao: leo yeye mwenyewe atamwambia msimamizi ukweli, amwombe nafasi kwenye banda la kukaushia. Huko matunda huchambuliwa kwa kunuswa, na pua yake bado nzima.

Saa sita msimamizi anatokea, uso umemkunjuka. "Nyuki wangu! Mistari yote ina maua chini, wako hauna hata moja. Kesho nakuongezea mstari mwingine."

Nyuki anafungua mdomo.

"Asante, baba," anasema.

Msimamizi anaondoka akipiga mluzi. Nyuki anabaki amesimama, mkono juu ya mfuko uliovimba.

"Umeona?" anamwambia mwandishi. "Basi andika wewe. Yeye gazeti husoma."