Sanduku la Barafu la Mama Mishipa

Wauguzi wa wodi ya wazazi walimwita Mama Mishipa, naye hakukasirika. Jina hilo lilieleza kazi yake vizuri kuliko cheo chake cha chuoni. Kwa miaka ishirini na ushee alikuwa akija na sanduku la barafu, akiwaomba ruhusa wanawake waliojifungua, kisha akiondoka na vitovu ambavyo vingetupwa. Kule maabara aliuosha mshipa ulio ndani ya kitovu, akazitoa seli zinazoutanda kwa ndani, akazikuza kwenye visahani. Alitaka kujua ni jeni ipi inayouamuru mshipa ulegee damu inapopita kwa kasi. Kwenye kila harusi mashemeji walimuuliza presha zao zitapona lini.

"Sijui," alijibu, akaendelea kula.

Binti yake wa pekee alipokaribia kujifungua alimpa sharti moja.

"Mama, siku hiyo uje mikono mitupu. Namtaka mama, simtaki mtafiti."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

"Nimekubali, mwanangu."

Kukubali kulikuwa rahisi, kwa kuwa kabati la joto la maabara lilikuwa limejaa seli. Wiki iliyofuata kuvu iliingia kabatini ikala zote. Jarida lililokuwa tayari kuichapisha kazi ya maisha yake lilitaka jaribio moja tu lirudiwe, na muda wa mwisho ulikuwa umekaribia. Wodi nayo, kama iliyologwa, ikakosa wazazi. Kisha, mchana kweupe, binti akashikwa na uchungu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Mishipa aliujua mara moja tu, na hata mara hiyo alisoma ripoti ya maabara mpaka mkunga akamnyang'anya. Mumewe alikisimulia kisa hicho kwa wageni. Binti hakuwahi kukicheka.

Safari hii aliingia mikono mitupu. Sanduku lilikuwa garini, na barafu ilikuwemo. Gari halikutajwa kwenye sharti.

Mtoto wa kike alitoka akifoka kama mwenye nyumba. Mkunga alikata kitovu, na kondo lilipotoka akaliweka kwenye beseni, kitovu kikining'inia ukingoni. Kwa mazoea, akageuka.

"Haya, Mama Mishipa, riziki yako hii. Sanduku liko wapi leo?"

Kilikuwa kinene, kirefu, kimenyooka, bila fundo hata moja. Binti alifumbua macho. Alimtazama tu mama yake, kama mtu anayesubiri matokeo anayoyajua.

"Nipe mtoto," alisema Mama Mishipa.

Akapewa, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Beseni lilikuwa karibu na goti lake. Seli zilianza kufa, na yeye, ambaye aliwahi kuandika juu ya jambo hilo, alijua zitakavyokufa: kwanza zinajikunja, kisha zinabanduka. Mtoto alipiga chafya.

"Ana pua ya baba yako," alisema. "Pole yake."

Mkunga alirudi kuchukua beseni. "Nilipeleke wapi?"

"Panapopelekwa siku zote."

"Kwako?"

"Kwenye taka, dada."

Mlango ulifungwa. Binti alikuwa amefumba macho tena; mama yake alidhani amelala.

"Mama."

"Naam."

"Kitovu kilikuwa kizuri?"

Mama Mishipa alimfunika mtoto miguu, ambayo tayari ilikuwa imefunikwa.

"Cha kawaida tu," alisema.