Kisahani cha Shaba Pembeni mwa Mtungi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Ukiniletea pikipiki yenye pancha ukaanza kunifundisha kazi, nakupa spana uifanye mwenyewe. Hasira hizo hizo ndizo zilizonifanya nifungue kitu nisichokijua, na mpaka leo sijaisahau wiki ile.

Kibanda changu cha ufundi kiko njiapanda, huku Nyakatuntu. Kompresa yangu ya petroli ilikufa msimu wa kahawa ukianza, wakati bodaboda wanabebeshwa magunia mpaka matairi yanalala. Shemeji yangu, mume wa dada anayenifuata, ni dereva wa lori la ndizi na huenda Bukoba kila wiki. Yeye ndiye aliyenipatia mtungi wa wapiga mbizi, wale wanaoingia ziwani kutafuta waliozama. Kule Bukoba kuna jamaa mwenye mashine ya kujaza mitungi hiyo. Hewa inayoingia humo ni nyingi ajabu, inashindiliwa mpaka mtungi mmoja unanijazia matairi siku kadhaa.

Kila shemeji alipofika kwa yule jamaa, nilimpigia simu. "Mkuu, ongeza kidogo. Huku ni mbali." Naye alikuwa akiongeza.

Pembeni mwa koki ya mtungi ule kuna skrubu nene yenye vitundu, na ndani yake kuna kisahani cha shaba chembamba kama ganda la kitunguu. Nguvu ya hewa ikizidi, kisahani kinapasuka chenyewe, hewa inatoka, mtungi unabaki mzima na watu pia. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilichojua ni kwamba siku moja lori lilisimama Kyaka kwenye jua kali, kisahani kikapasuka, hewa yote ikaishia njiani na shemeji akaruka nje akidhani ni tairi. Mtungi ulinifikia mtupu. Bodaboda walikuwa wamepanga foleni, na mmoja akaniuliza, "Fundi, leo utapuliza kwa mdomo?" Wakacheka wote. Niliudhika vibaya sana.

Nikafungua ile skrubu, nikaona kisahani kimetoboka, nikasema basi ubovu ndio huu. Nilichukua kichwa cha waya wa betri ya lori, shaba nene ile, nikakigonga, nikakikata mviringo, nikakirudisha mahali pake na kukaza mpaka spana ikalia. Nikajiona fundi kweli.

Mama alikuwa kando yangu akimimina rubisi kwenye madumu, maana pombe yake hiyo ya ndizi anauzia hapo hapo kibandani. Midomo ya madumu huiziba kwa jani la mgomba lililokunjwa. Hakazi kifuniko kamwe, kwa sababu rubisi inaendelea kuchacha, na dumu likikosa pa kupumulia linatuna. Mimi nimekua nikimkatia majani hayo.

"Na hiki chako kinapumulia wapi, baba?" akaniuliza.

"Mama, hii siyo pombe."

"Haya, fundi," akasema, akaendelea kumimina.

Safari iliyofuata, jamaa wa Bukoba alinipigia yeye. Habari ya Kyaka nilikuwa sijamwambia, na shemeji nilimkataza asiseme. "Naona alama za spana hapa pembeni ya koki," akasema. "Kuna mtu amefungua?"

"Hapana. Uko vilevile ulivyokuwa."

"Una uhakika? Maana naandika kwenye daftari kwamba mwenye mtungi amesema haujaguswa. Ukiua mtu, kwa sheria wa kwanza kukamatwa ni mimi niliyejaza. Wa pili ni wewe."

"Andika," nikamwambia. Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza, "Na usinipunjie hewa, mkuu."

Kesho yake mchana nilikuwa naziba pancha ya mteja aliyekuwa amenunua rubisi kwa mama asubuhi. Kwa kuogopa imwagike njiani, alikuwa ametupa jani na kukaza kifuniko, akalifunga dumu nyuma ya pikipiki, akazunguka nalo juani. Lilikuwa limetuna pande zote, halikai tena wima. Mama akamkaripia alegeze. Alipogusa tu, kifuniko kiliruka kikampita sikioni na povu likamwogesha. Watu walicheka. Mimi sikuweza. Nilitazama jua lilipofika, nikapiga hesabu: saa hizi lori liko Kyaka.

Nilimpigia shemeji, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nilipiga mpaka chaji ikaisha, nikaazima simu ya mama nikaendelea. Kazi yote niliiacha, nikasimama barabarani kama mtu anayesubiri maiti. Nilikuwa naogopa, na sioni haya kusema.

Lori lilitokea jua likiwa limepungua. Mlango wa abiria ukafunguka, akashuka dada yangu na mtoto wake wa miezi mitano. Sikuwa na habari kwamba alikuwa amempeleka hospitali Bukoba. "Shikamoo, kaka," akasema. Nilikuwa natazama alipokuwa amekaa. Mtungi ulikuwa umelazwa sakafuni mbele ya kiti, na juu yake kuna kitenge kilichokunjwa. Alikuwa ameufanya pa kuwekea miguu.

Alipotangulia nyumbani, niliubeba mtungi mpaka mgombani, nikafungua koki. Ulipiga mluzi muda mrefu. Ulipokwisha kabisa nilifungua ile skrubu. Shaba yangu ilikuwa imetuna kwa nje kama kitovu cha mtoto, na haikuwa imepasuka hata kidogo. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni wewe uliyeiweka hiyo?"

"Ni mimi."

"Mtungi niliuweka mbele ili usigongwegongwe kule nyuma," akasema. Kisha akaenda kupakua mizigo yake, na tangu siku hiyo hajanibebea kitu chochote.

Nilimpigia jamaa wa Bukoba nikamwambia ukweli wote. "Sitafuta nilichoandika," akasema. "Nitaandika chini yake kwamba ulinidanganya. Na mtungi huo usimuuzie mtu." Niliutoboa kwa mashine matundu mawili, na mpaka sasa uko nyuma ya kibanda.

Jumapili, baada ya ibada, dada alikuja kwa mama. Akanipa mtoto nimpakate, kama siku zote, akaingia uani. Aliporudi alikuwa anacheka. "Kaka, mama anasema mtungi mzima umeutoboa. Una wazimu?"

Ningeweza kusema ulikuwa mbovu. Nilikwisha kudanganya mara moja kwa simu, na uongo ule ulitoka bila shida yoyote. Nikamwambia. Nilianzia kwenye waya wa betri nikaishia kwenye kitenge chake, wakati mtoto amelala kifuani pangu.

Hakunitukana. Alinyoosha mikono, akamchukua mwanawe, akahamia kiti cha upande wa pili.