Nilivyozama Kwenye Maji ya Kiunoni

Aibu niliyoipata bwawani hapa Kahama nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke, lakini bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni imeshatiwa chumvi.

Neema wangu mnamjua, ana miaka mitano, na nyuma ya mtaa wetu kuna yale mashimo ya wachimbaji, mvua zikinyesha yanajaa maji, mwaka huu mtoto wa jirani akatumbukia, akaokolewa kwa bahati tu, na mimi tangu siku hiyo usingizi sina. Nikaenda kwenye hoteli moja yenye bwawa, mwalimu wa kuogelea (binti mdogo tu) akaniambia kumfundisha mtoto peke yake ni elfu ishirini kwa somo, masomo kumi. Laki mbili! Mimi nauza mchele, jamani, sichimbi dhahabu. Na sisi wa mchele gunia hatulinunui bila kulichoma bambo tukaona punje zake, basi nikalipia somo moja la kuonja, nikakaa pembeni nikatazama: mtoto analazwa chali, anashikwa mgongo, anapiga miguu. Nikajisemea, kumbe ndiyo hivi tu?

Jumamosi nikalipa kiingilio tu, bila mwalimu, nikaingia majini na Neema, nimevaa dera (msicheke), na watu wamejaa. Dera likajaa hewa likapanda mpaka usoni, sioni mbele, nikateleza, nikamwachia mtoto, nikaanza kupiga kelele, "Mayo wee, nakufa!"

Yule binti mwalimu akaja anatembea, wala hakuogelea.

"Mama Neema, simama."

"Siwezi!"

"Simama tu, mama."

Nikasimama. Maji yako kiunoni. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kicheko chao nilikimeza. Kilichoniuma ni Neema, aling'ang'ania ngazi ya bwawa hataki kuiachia, na tangu hapo hata beseni la kuogea akawa analikimbia. Nikarudi kwa mwalimu na laki mbili kamili, nikamwomba radhi, lakini mtoto akagoma katakata.

"Mama aanze yeye."

Basi nimelipia watu wawili, laki nne, na kila Jumamosi nafungwa boya, vitoto vya chekechea vinanipita majini, "Shikamoo mama," naitikia marahaba huku nakunywa maji. Somo la mwanangu sitalifanyia ubahili tena, nimekoma. Juzi Neema ameelea peke yake mpaka ukingo wa pili. Mimi bado nashikwa mgongo.